Bi Saleha na Salamu za Taa Njema

Sauti ya Bi Saleha Mbwana ilijulikana katika nyumba nyingi ambazo yeye mwenyewe hakuwahi kuzikanyaga. Kuanzia vijiji vya karibu na Horohoro, kupita mashamba ya mkonge ya Muheza, hadi vitongoji vilivyo chini ya msitu wa Amani, palikuwa na watu waliomjua kama wanavyomjua shangazi yao, ila hawakujua kama ni mrefu au mfupi, mweusi au maji ya kunde. Alikuwa mpokea simu wa kampuni ya Taa Njema. Mimi nilikuwa fundi wa kampuni hiyo, nimetoka chuo cha ufundi na cheti changu cha umeme, na meza yangu ya kutengenezea ilikuwa nyuma ya kiti chake. Mengi ninayoyaeleza hapa niliyasikia kwa masikio yangu, bisibisi ikiwa mkononi.

Ofisi yetu ilikuwa Ngamiani, ghorofani, juu ya duka la vipuri vya baiskeli. Biashara yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza. Mtu wa kijiji kisichofikiwa na umeme alipewa paneli ya sola, taa, na kisanduku chenye betri. Alilipa kidogo kidogo kwa simu, na kila alipolipa alitumiwa namba; akiibonyeza kwenye kisanduku, taa ziliwaka kwa muda aliolipia. Muda ukiisha, kisanduku kilijifunga chenyewe. Aliyemaliza kulipa alitumiwa namba ya mwisho, na tangu hapo kisanduku chake hakikujifunga tena. Namba hizo zilitengenezwa na kompyuta ya mbali tuliyoiita seva, na kila namba ilikuwa na uhai wa siku moja. Usiku ukiingia haijabonyezwa, ilikuwa imekufa, ikabidi iombwe nyingine.

Bi Saleha alizaliwa Tongoni kwa mama Mtang'ata na baba Mdigo, akaolewa kwa Wabondei wa Muheza, na ujana wake aliumalizia katika chumba cha simu cha shamba la mkonge, akiwaunganishia watu mazungumzo. Shambani pale palikuwa na watu wa makabila yaliyotoka kila upande wa nchi, na kila mmoja alimfundisha namna kwao wanavyosalimiana. Simu za mkononi zilipokifunga chumba kile, alitoka na ujuzi mmoja tu ambao hauna cheti: alijua kusalimia.

Nasema alijua kusalimia, nami ninakusudia jambo mahususi. Wengi wetu husalimia tukiwa tayari tumekwisha kupita. Bi Saleha aliuliza, kisha alingoja. Alimuuliza mteja hali ya goti lake, akakaa kimya mpaka goti lisimuliwe. Akauliza habari za mwana aliyesafiri, akangoja. Mwezi uliofuata mteja huyohuyo akipiga, goti lilikuwa kichwani mwa Bi Saleha na mwana yupo kichwani mwake, bila kuandika popote. Habari za taa zilikuja mwisho, na mara nyingi zilichukua muda mfupi kuliko za goti.

Meneja wetu, Innocent, kijana mpole kutoka Moshi, alipokea agizo la wakubwa kwamba kila simu iwe fupi. Alilileta kwa heshima.

"Shikamoo Bi Saleha. Wakubwa wanasema simu zetu ni ndefu kuliko za matawi yote."

"Marahaba, baba. Waambie na malalamiko yetu ni mafupi kuliko ya matawi yote."

Innocent alitabasamu akarudi mezani kwake, wala sikumsikia akilitaja tena agizo lile.

Wakati fulani matapeli walianza kuwatumia wateja wetu ujumbe, wakijifanya Taa Njema, wakiwaahidi taa za zawadi. Bi Saleha alichukua hatua kwa njia aliyoijua. Kila aliyempigia simu, baada ya salamu zote, alimwambia maneno yaleyale: "Ukiletewa ujumbe usiouomba, ufute. Taa Njema haitoi cha bure. Likitokea jambo kubwa nitakupigia mimi mwenyewe, na wewe utanijua." Watu walimsikiliza. Matapeli wakahamia kwingine.

Kisha kampuni yenyewe ikaanza kuyumba. Waliotia mtaji walichoka kungoja faida, wakajitoa mmoja baada ya mwingine. Sisi wa Tanga tulizisoma habari hizo kwenye vyombo vya ofisi. Kwanza chai ya asubuhi ilikoma. Kisha kiyoyozi kiliharibika, hakuna aliyeruhusiwa kumwita fundi, na mimi niliyekuwa fundi sikupewa vipuri. Mishahara ilianza kuchelewa. Wenzetu waliaga, huyu kwa kukumbatia kila mtu, yule kwa kuacha ufunguo mezani. Siku wanunuzi walipokuja kulichukua friji, Masoud, kijana wa Chumbageni aliyekuwa akiuza taa zetu vijijini kwa pikipiki, aliwafungulia mlango kwa adabu kama mwenye harusi.

"Leo friji," alisema. "Kesho watakuja kututazama sisi, kama tunauzika."

"Wewe Masoud nani atakununua?" Bi Saleha alimjibu bila kugeuka. "Labda waiuze pikipiki, wewe wakutie nyongeza."

"Basi nitakwenda na wewe, Bi Saleha. Utanisalimia njiani."

Tulicheka. Wakati ule kicheko kilikuwa ndicho chombo pekee ambacho hakijaandikiwa bei.

Haikupita muda Innocent alituita, sisi watatu tuliobaki, akatuambia kwamba kampuni inafungwa na seva itazimwa mwisho wa mwezi. Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Seva ikizimika, hakuna namba itakayotengenezwa tena. Na bila namba, kila kisanduku kitajifunga siku yake ikifika, kibaki ukutani kama tofali. Mamia ya nyumba zingeingia gizani zikiwa na betri nzima na paneli nzima juu ya paa.

Hapa sina budi kumtaja Innocent kwa wema. Alikuwa amekwisha kupigana vita yake kwa simu na wakubwa, akawabembeleza mpaka wakakubali kwamba wateja wote, hata ambao hawajamaliza kulipa, wapewe namba ya mwisho. "Hiki ndicho kitu pekee nilichokipata," alisema, kana kwamba ni kidogo. Siku ileile seva iliwatumia watu wote ujumbe: Taa Njema inafunga biashara, kisanduku sasa ni mali yako, bonyeza namba hii leo.

Tulipongezana. Bi Saleha peke yake hakuonekana kufurahi. Alikaa mbele ya simu, mikono mapajani, hadi adhuhuri.

"Mbona haliji?" alisema.

"Nini, Bi Saleha?" nilimuuliza.

"Ahsante. Mtu wa huku ukimpa embe atakupigia kukushukuru. Leo tumewapa taa, na simu iko kimya kama imefiwa."

Akampigia Rahimu, mwenye kiduka upande wa Mkinga, mtu mchangamfu asiyepitwa na jambo. Aliweka sauti ya simu juu ili sote tusikie. Baada ya salamu, na habari za mke, na za paa lililokuwa likivuja, alimuuliza kama amepata ujumbe.

"Niliupata," alisema Rahimu kwa fahari. "Nikaufuta papo hapo. Na majirani nimewaambia wafute. Umesema mwenyewe Taa Njema haitoi cha bure, na likitokea jambo utanipigia. Hao watu, Bi Saleha, safari hii wamepatikana."

Masoud aliangua kicheko, kisha akakikatiza, kwa maana alikuwa peke yake.

Bi Saleha alimweleza Rahimu ukweli pole pole, Innocent akamtengenezea namba mpya, na kisanduku chake kikafunguka tukiwa tunasikiliza. Alipokata simu alikuwa amebadilika uso.

"Mimi ndiye niliyewaambia watanijua," alisema. "Nisipowapigia, nimewadanganya watu ambao hata hawajaniona. Haya, tuanze na wa Horohoro."

Tulianza, kila mmoja na simu yake. Lakini mimi nilipojitambulisha kuwa ni Queen, fundi wa Taa Njema, niliambiwa kwa upole kwamba jina langu ni zuri na nimtafute mwingine wa kumwibia. Innocent alitukanwa kwa lugha asiyoielewa. Bi Saleha alikataa kumtafsiria. Masoud, ambaye wateja wengine walimjua kwa sura, aliulizwa mbona sauti yake si ya pikipiki. Wote walitaka jambo moja: "Nipe Saleha."

Innocent, ambaye alipenda kutafuta njia, alipendekeza tuirekodi sauti yake na kompyuta iwapigie watu mia kwa mpigo. Lilikuwa wazo jema. Bi Saleha alirekodi kwa makini, akaweka na salamu: "Hujambo? Habari za nyumbani? Hapa ni Saleha wa Taa Njema." Kompyuta ikapiga. Nilikuwa nikisikiliza kwa kifaa cha masikioni, nikasikia namna jambo lilivyoharibika. Mzee wa kwanza alisikia "Hujambo?" akaanza, "Alhamdulillahi, sijambo mwanangu, ila huyu ng'ombe..." na sauti ya Bi Saleha ikampita juu kwa juu, ikauliza habari za nyumbani bila kumsikia ng'ombe. Mzee akatega sikio. Kisha akasema, si kwa hasira, bali kama hakimu: "Sauti umeiiba, binti, lakini adabu hukuiba." Akakata.

Wa pili alifanya vivyo hivyo, na wa tatu. Innocent aliizima kompyuta mwenyewe.

Ikabidi apige Bi Saleha, mtu kwa mtu. Tuliigawa kazi iliyobaki: Masoud alipiga na kumwita mwenye simu, mimi niliweka tayari habari za kisanduku, Innocent alitengeneza namba, na simu ilipofika kwa Bi Saleha, kazi yake ilikuwa salamu tu. Tulimsihi azifupishe. Alijaribu mara moja, akamuuliza mama mmoja wa Pangani habari zake bila kungoja jibu. Mama yule akamuuliza kama ni mgonjwa, na ikachukua muda mrefu zaidi kumtuliza. Hakujaribu tena.

Siku zilikwenda. Sauti ilianza kukwaruza, kisha kupasuka, kisha ikawa kama mtu anayesugua msasa juu ya ubao. Nilimchemshia tangawizi na iliki kwenye jiko langu la kuyeyushia risasi ya kuungia waya, jambo ambalo mwalimu wangu wa karakana asingelikubali. Alikunywa, akaendelea. Sikumsikia akilalamika, ila niliona kwamba anafumba macho kila anapomeza.

Siku ya mwisho ilipofika, walikuwa wamebaki wachache waliotawanyika, na kitongoji kimoja kizima: Kwemdimu, chini ya Amani. Simu za Kwemdimu zote zilikuwa hazipatikani. Masoud ndiye aliyejua sababu. Kule watu huchaji simu zao kwa Mama Praxeda, mjane mwenye kibanda, kwa kisanduku chetu. Muda wa kisanduku chake ulikuwa umeisha. Kimejifunga, na simu za kitongoji chote zimekufa nacho.

Innocent alitutengenezea namba za Kwemdimu asubuhi ile, namba ambazo usiku ukiingia zingekuwa si kitu, na baada ya hapo hakuna nyingine. Tuliondoka na gari la mwisho la kampuni, ambalo mnunuzi alikuwa aje kulichukua kesho yake. Masoud aliendesha. Bi Saleha alikaa mbele, shali shingoni, akiitunza sauti iliyosalia kwa kutosema neno. Kupita Muheza barabara ilianza kupanda na mvua ya milimani ilikuwa imeifanya utelezi; mahali pawili nilishuka nikaweka mawe chini ya gurudumu. Tulifika jua likiwa limekwisha kuvuka utosi.

Mama Praxeda alikuwa mlangoni kwake akianua iliki. Babu yake aliletwa kutoka Songea kufanya kazi mkongeni, naye akapanda milima akawa mkulima. Rozari ilining'inia kwenye msumari uleule uliobeba waya wa taa yetu. Majirani walikuja mara moja kutazama gari. Mmoja wao, Devota, alikuwa tayari amebeba kisanduku chake ubavuni.

Masoud alieleza habari yote vizuri, kwa mpangilio. Mama Praxeda alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," alisema, "Taa Njema mimi namjua mtu mmoja. Saleha. Yeye alisema atanipigia. Simu yangu imezima, basi nangoja iwake."

"Haiwezi kuwaka, mama, kisanduku kimejifunga. Na Saleha mwenyewe ndiye huyu."

Alimtazama Bi Saleha kuanzia shali hadi kandambili. "Huyu? Saleha ni mtu mwenye mwili wake. Huyu fito."

Bi Saleha alifungua kinywa kujibu, ikatoka ile sauti ya msasa.

"Na tena hana sauti," alisema Mama Praxeda akiwageukia majirani. "Wamekosa wa kumwiga, wameleta bubu."

Watu walicheka, na Devota akahamisha kisanduku ubavu wa pili, uso umeelekea kwa Mama Praxeda. Nilielewa hesabu ya mahali pale: mama huyu akikataa, hakuna nyumba itakayokubali. Masoud alitaka kubisha. Bi Saleha alimvuta mkono wa shati, akaenda kwenye benchi lililokuwa nje ya kibanda, akaketi akimpa mgongo Mama Praxeda, uso wake umeelekea bondeni, kama mtu aliye mbali sana.

"Mama Praxeda," alisema kwa mkwaruzo ambao ilibidi watu wanyamaze ili kuusikia. "Hujambo?"

Kisha akangoja.

Hakuna aliyejibu. Kuku alipita uani. Masoud alinitazama, nami nikatazama jua. Bi Saleha hakugeuka wala hakuongeza neno. Alikaa mikono mapajani, vile nilivyomwona akikaa tangu siku ya kwanza, kana kwamba jibu lilikuwa njiani na si adabu kulikimbilia.

"Sijambo," alisema hatimaye Mama Praxeda, kwa mazoea tu.

"Goti?"

"Limeniachia kidogo. Baridi ndiyo inayolirudisha."

"Alexander alivuka salama?"

Alexander alikuwa mwanawe, aliyepita mpaka wa Horohoro kwenda kutafuta kazi Mombasa. Mama Praxeda aliuweka chini ungo wa iliki. "Alivuka. Amepata kibarua kwenye ghala. Alisema angepiga simu Jumapili, na simu ndiyo hiyo imezima."

Bi Saleha aliiacha Jumapili ile ikae mahali pake kwa muda. "Pole," alisema. Kisha akauliza, "Na yule mbuzi mweupe, mguu uliunga?"

"Uliunga kombo," alisema Mama Praxeda. Alisogea mpaka kwenye benchi, akaketi karibu na mgongo wa Bi Saleha, bado hajamtazama usoni. Akawaambia majirani, "Sauti si yake. Lakini huyu anayeningoja nimjibu ni yeye."

Nilimsomea namba, akaibonyeza mwenyewe kwa kidole cha shahada. Taa ndogo ya kijani iliwaka kwenye kisanduku, na ndani ya kibanda balbu ikawaka mchana kweupe. Devota alikuwa wa pili. Wengine walikimbilia nyumbani kuvibeba vya kwao, na mimi nikasoma namba, mtu kwa mtu, hadi jua lilipogusa miti ya Amani. Bi Saleha hakuwa na kazi tena, na hakuongea. Mama Praxeda alimletea uji wa tangawizi akamkataza kusema hata ahsante, akamshika kifundo cha mkono akikipima kwa vidole. "Fito kweli," alisema. "Wanawalisha nini huko Tanga?"

Hatukuwafikia wote. Kuna nyumba ambazo hatukuzipata, na Bi Saleha anazijua kwa majina. Huzitaja mara chache. Lakini nyumba nyingi zilibaki na mwanga, na zilibaki nao kwa sababu kulikuwa na mtu aliyekuwa akisubiri kujibiwa miaka yote ile, ambapo kungoja kulihesabiwa kuwa ni upotevu wa wakati.

Ofisi ilifungwa. Innocent alirudi Moshi, lakini kabla ya kuondoka alihamishia namba ya simu ya huduma kwa jina la Bi Saleha, kwa kuwa hakuna aliyeiwekea bei. Masoud alinunua pikipiki yake kwa wafilisi, na hakutiwa nyongeza. Visanduku sasa vinazeeka, betri zinachoka, na watu wanapiga simu. Bi Saleha anapokea akiwa barazani kwake Nguvumali, sauti imerudi ila imebaki na ukwaruzo kidogo upande wa chini. Mimi nimeweka meza yangu ya ufundi kwenye chumba cha uani, nyuma ya kiti chake kama zamani, na Masoud ndiye anayekwenda kuleta vilivyoharibika.

Jana simu ililia nikiwa katikati ya kuunga waya. Nilimsikia akisema, "Mama Praxeda, hujambo?" Kisha kimya. Nilijua kwamba habari za betri, kama zipo, ziko mbali bado, nikaendelea kuunga waya wangu bila haraka.